UZI: Odin na Thor wakirudi leo, watakaotikisika zaidi si wale mnaowadhania

Wakuu, salaam.

Mara nyingi nimekuta mjadala wa miungu ya kale ya Skandinavia kujitokeza zama hizi, Odin mkuu wao, Thor mungu wa radi, Freyja na wenzao, na hoja inayoshinda huwa moja: watu wakimwona Thor kwa macho, radi ikipiga kwa amri yake, makanisa na misikiti itabaki mitupu ndani ya mwezi. Nimesoma habari za miungu hii kwa miaka na hoja hiyo naipinga moja kwa moja. Wakristo na Waislamu watashtuka, hilo sikatai, ila mahali pa kumweka Odin wameshapaandaa zamani sana. Watakaohangaika ni wale waliodhani hakuna kitu cha kuwekwa mahali popote, na pia, mkinisikiliza mpaka mwisho, wale wanaojiita wafuasi wake leo.

Tuanze na swali ambalo watu hulirukia: ni miungu ya namna gani hii? Hakuna hata mmoja kati yao anayedai kuwa muweza wa yote. Odin alitoa jicho lake moja kwenye kisima cha Mímir ili apate maarifa, na alijitundika mtini usiku tisa akiwa na jeraha la mkuki ili azipate herufi za runi. Kitu alikuwa hakijui, akakilipia. Týr alipoteza mkono kinywani mwa mbwa mwitu Fenrir. Dunia yenyewe hawakuiumba kutoka kwenye utupu, waliitengeneza kwa mwili wa jitu Ymir waliyemuua. Na kufa watakufa: siku ya Ragnarök, yaani vita vya mwisho wa dunia, Fenrir atammeza Odin, Thor atamuua nyoka wa bahari kisha atatembea hatua tisa na kuanguka kwa sumu.

Sasa mweke mbele ya sheikh au askofu. Amesema "mimi ni Odin", akafanya maajabu, kila mtu kaona. Je, amedai kuwa Muumba wa mbingu na ardhi? Hajadai. Amekiri ana mwisho. Kwa mtu wa tauhidi suala limekwisha hapo, kwa sababu yeye hajawahi kufundishwa kwamba duniani hakuna viumbe wenye nguvu kuliko binadamu. Amefundishwa kwamba viumbe hao hawaabudiwi.

Waislamu. Fikirini taswira hii: mzee mwenye jicho moja, anazunguka nchi hadi nchi, anatenda maajabu na kutaka watu wamfuate. Muislamu yeyote aliyekaa madrasa atasema neno moja tu, Dajjal, yule mlaghai mkuu wa siku za mwisho. Hadithi sahihi zinasema Dajjal ana chongo, na kwamba Mola wenu hana chongo. Zinasema pia ataiamuru mbingu inyeshe na ardhi ioteshe, na vitatii. Adam wa Bremen, aliyeandika miaka ya 1070, alisema watu wa Uppsala, Uswidi, walimtegemea Thor kwa radi, upepo, mvua na mazao. Kwa hiyo mvua ikinyesha kwa amri ya Thor, Muislamu atakuwa ameona tu kile alichoonywa kuwa kitaonekana, na atazidi kushika dini.

Kuna njia nyingine mbili pia. Ya kwanza ni majini, viumbe ambao Qur'ani imewapa sura nzima. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Sura ya Nuh, aya ya 23, inataja masanamu matano: Wadd, Suwa', Yaghuth, Ya'uq na Nasr. Ibn Abbas alieleza kuwa hao walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuh. Walipokufa watu wakawawekea masanamu ya kumbukumbu, na elimu ilipopotea wakaabudiwa. Hebu linganisheni na Snorri Sturluson, Mkristo wa Iceland wa karne ya 13 ambaye bila kalamu yake tusingejua nusu ya haya. Snorri naye aliandika kwamba Odin alikuwa chifu aliyetoka Asia na watu wake, akahamia kaskazini, akafa kwa maradhi kitandani Uswidi, na watu wakamfanya mungu. Mmoja Hijazi, mwingine kwenye kisiwa cha barafu, karne kadhaa kati yao, na maelezo yanafanana.

Na msidhani hawa hawajawahi kukutana. Mwaka 922 Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwakuta wafanyabiashara wa Rus, watu wenye asili ya Skandinavia, kando ya mto Volga. Alisimama akaangalia ibada yao. Mfanyabiashara anashuka mashuani amebeba mkate, nyama, kitunguu, maziwa na pombe, anakwenda kwenye gogo refu lililosimamishwa lenye uso kama wa mtu, na vigogo vidogo vimelizunguka. Anasujudu. Anasema: bwana wangu, nimetoka mbali, nina wajakazi kadhaa na ngozi kadhaa, niletee mteja mwenye dinari na dirhamu nyingi, anunue kwa bei ninayotaka asinibishie. Biashara ikilala, anarudi na zawadi ya pili, kisha ya tatu, anaviomba na vile vidogo vimwombee. Ikichangamka, anachinja, anagawa nyama, vichwa vya wanyama anavitundika. Usiku mbwa wanakuja wanakula, na asubuhi anasema bwana wangu ameridhika, amekula zawadi yangu. Ibn Fadlan aliandika yote hayo, akabaki Muislamu kama alivyoondoka Baghdad.

Wakristo. Hawa ndio waliowang'oa miungu hawa, na cha ajabu ni kwamba hawakuwang'oa kwa kusema hawapo. Ipo ahadi ya ubatizo ya Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani, ya karne ya 8 au ya 9, ambamo mbatizwa anaulizwa kama anamkataa shetani, halafu anatamka kwamba anawakataa Thunaer na Woden na Saxnot, pamoja na pepo wote walio wenzao. Woden ndiye Odin, Thunaer ndiye Thor. Wanatajwa kwa majina kwenye maji ya ubatizo! Huwezi kumkataa kwa kiapo mtu usiyedhani yupo. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba vile Mataifa wanavyotoa sadaka wanavitoa kwa mashetani.

Tena Wakristo wana kisa chao cha watu kudhani miungu imeshuka. Matendo 14, mji wa Listra: kiwete ametembea, umati unapiga kelele kwamba miungu imetushukia kwa mfano wa wanadamu, Barnaba anaitwa Zeu, Paulo anaitwa Herme, na kuhani ameshaleta ng'ombe na mashada ya maua mpaka malangoni. Mitume wanararua nguo zao na kuukimbilia umati kuuzuia. Mchungaji yeyote ana mahubiri ya Jumapili inayofuata hapo hapo.

Kwa hiyo Wapentekoste watakemea, Wakatoliki watasubiri tamko la Roma huku mapadri wa kupunga pepo wakipata kazi nyingi, na Waorthodoksi watasema wamekuwa wakiwajua hawa siku zote. Wote watagombana namna ya kushughulika naye. Kama aabudiwe, hapo hawatagombana.

Sasa wasio na dini. Nawaheshimu, na wengi wao ni watu wenye fikra nzuri. Lakini ndio watakaoumia, kwa sababu hawana kabati la kumtia. Mtu aliyejenga maisha yake juu ya kwamba ulimwengu hauna kitu nje ya maumbile anaamka asubuhi, Sleipnir, farasi wa Odin mwenye miguu minane, amesimama barabarani Stockholm. Uswidi mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya watu 9 kati ya 10 walikuwa waumini walioandikishwa kanisani. Siku hizi ni zaidi kidogo ya nusu, na kati ya hao wanaohudhuria ni wachache. Wanasayansi watajitetea vizuri zaidi: watampima, watasema ni kiumbe wa maumbile tusiyemjua, na kusema kweli hoja hiyo inakaribia ya Muislamu anayesema ni jini, maana wote wawili wanamweka kwenye orodha ya viumbe. Ila raia wa kawaida asiye na maabara wala msikiti, huyo atakwenda wapi?

Na wafuasi wenyewe. Iceland ipo jumuiya ya Ásatrúarfélagið, iliyoanzishwa 1972 na mkulima na mshairi Sveinbjörn Beinteinsson, serikali ikaitambua 1973. Leo ina wanachama zaidi ya 5,000 katika nchi isiyofikisha watu 400,000. Norwei na Denmark nako jumuiya za namna hiyo zimetambuliwa, zinafungisha ndoa na kuzika. Kiongozi wao wa Iceland, mtunzi wa muziki Hilmar Örn Hilmarsson, alieleza mwaka 2015 kwamba hadhani kuna mtu anayeamini mzee wa jicho moja anayepanda farasi wa miguu minane. Hadithi hizo kwao ni mafumbo ya kishairi. Wanyama hawachinji. Wanakusanyika, wanasoma beti, wanainua pembe ya kinywaji.

Ni watu wanaostahili heshima. Lakini yule mzee wa jicho moja akibisha hodi, na akauliza damu ya farasi wa kumchinjia iko wapi? Wao wamempenda kama shairi. Yeye anakuja kama mkuu wa ukoo mwenye deni la kudai. Hapo ndipo naona mtikisiko mkubwa kuliko wa Makka au Roma.

Nawasilisha. Nitajibu maswali chini.

---

Naendelea, post namba 7

Mkuu wa post namba 3 umesema nimesahau kwamba watu hawa waliacha miungu yao kwa upanga, kwa hiyo watafurahi kuirudia. Upanga ulikuwepo, kweli. Olaf Tryggvason, aliyetawala Norwei kuanzia 995 hadi 1000, hakuwa mtu wa kubembeleza. Ila Iceland mambo yalikwenda vingine, na ndiyo kesi tunayoijua vizuri. Mwaka 1000, au 999 kwa hesabu nyingine, mkutano wa Althing, bunge lao, ulikaribia kugawanyika mafungu mawili yenye sheria mbili. Uamuzi wakampa Thorgeir, msema-sheria wao, naye mwenyewe alikuwa akiabudu miungu ya kale. Akalala amejifunika vazi lake mchana na usiku kucha bila kusema na mtu. Alipotoka alisema tukivunja sheria tutavunja na amani, wote wabatizwe. Akaacha upenyo: nyama ya farasi iendelee kuliwa, na anayetaka kutoa sadaka kwa siri atoe, mradi asionwe na mashahidi. Upenyo huo ulifutwa baada ya miaka michache.

Mnaona jambo lilivyoamuliwa? Hakuna aliyeuliza kama Thor yupo. Waliuliza tutaishije pamoja. Wakirudi leo naamini mabunge ya kaskazini yatauliza hivyo hivyo. Katiba ya Denmark inataka mfalme awe wa kanisa la Kilutheri, na Norwei walipobadilisha katiba 2012 sharti hilo la mfalme walilibakiza. Kuchinja bila kumzimisha mnyama kwanza Uswidi kumekatazwa tangu miaka ya 1930, na Denmark waliondoa ruhusa ya kidini 2014, Waislamu na Wayahudi wakalalamika sana. Odin atakuta sheria hiyo hiyo inamsubiri.

Kisa kinachonijia kichwani hapa ni cha mfalme Hákon wa Norwei, karne ya 10, aliyelelewa Uingereza akabatizwa huko. Kwenye karamu ya sadaka huko Lade, jarli (mtawala wa jimbo) Sigurd akainua pembe kwa jina la Odin akampa mfalme. Mfalme akaichora ishara ya msalaba. Mkulima mmoja akauliza, anafanya nini huyu? Sigurd akawahi: amechora nyundo ya Thor. Kesho yake wakulima wakamtaka ale nyama ya farasi, akakataa. Mchuzi, akakataa. Mafuta, akakataa, ikakaribia kuwa ugomvi. Mwishowe mfalme akaufunga mpini wa sufuria kwa kitambaa cha kitani, akafungua kinywa juu yake, mvuke ukampata. Hakuna upande ulioridhika. Mimi namwona kila waziri mkuu wa Skandinavia akiinama juu ya sufuria hiyo.

---

Post namba 12

Dada wa post namba 9 umenibana vizuri: "Imani haitaanguka sawa, lakini watu wetu si wanakwenda kanisani asubuhi na kwa mganga usiku? Kwa nini wasiende kwa Thor?"

Hapo nakubaliana nawe kabisa, na historia iko upande wako. Helgi aliyeitwa Mwembamba, mmoja wa walowezi wa kwanza Iceland, alimwamini Kristo na shamba lake akaliita Kristnes, lakini safari ya bahari au jambo gumu likija alimwomba Thor. Kwenye jumba la makumbusho la taifa mjini Copenhagen kuna kalibu ya jiwe laini kutoka Trendgården, ya karne ya 10. Fundi alichonga ndani yake nafasi za misalaba na nafasi ya nyundo ya Thor, kwenye jiwe moja. Anayeyusha fedha, anauliza mteja unataka ipi.

Hatari ninayoiona kwa waumini ipo hapo. Miungu hii haikuwahi kumwambia mtu aiamini kwa moyo wote na kuacha wengine. Ilitaka zawadi, nayo ikarudisha zawadi. Mtu mwenye mkopo wa benki, mwenye mtoto mgonjwa, mwenye shamba lililokauka, hatauliza habari za tauhidi saa nane za usiku. Atauliza nani anajibu. Yule mfanyabiashara wa Volga na gogo lake wapo kila zama. Masheikh na wachungaji watakaojiandaa kwa hoja za akidah peke yake watakuta msikiti umejaa Ijumaa na ng'ombe wamepungua zizini.

---

Post namba 15

Mmeuliza Wahindu watampokeaje Thor. Kwa ufupi, naona hawatahangaika. Wana Indra, bwana wa radi mwenye silaha ya vajra aliyemuua joka Vritra, na wasomi wengi wanaona yeye na Thor wametoka kwenye shina moja la kale sana. Watamvisha shada.

Kuhusu KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, nashukuru kwa aliyeuliza linahusianaje na haya, kwa sababu uhusiano upo. Ulutheri wa Bukoba na sehemu nyingine kadhaa za Tanzania ulikuzwa na wamisionari wa kutoka Skandinavia, wajukuu wa watu wale wale wa nyama ya farasi. Kanisa hilo la Tanzania, lililounganishwa 1963, sasa ni kati ya makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani, wakati makanisa ya Uppsala na Copenhagen viti ni vitupu. Siku Odin akirudi kwao, naamini simu ya kuomba wahubiri itapigwa kutoka kaskazini kuja kusini.

---

Post namba 21

Kuna mtu ameandika kwamba kurudi kwa Odin kutakuwa "ushindi wa watu weupe". Nimekasirika, nitajibu kwa kirefu kidogo.

Wanazi walichukua runi wakazifanya nembo za SS, na leo vikundi vya ubaguzi Uswidi na kwingineko vinabeba runi ya Týr kwenye bendera. Mwaka 2015 huko Finland waliibuka waliojiita askari wa Odin, wakizunguka mitaani kuwatisha wakimbizi. Jumuiya kubwa za Ásatrú, yaani za wafuasi wa leo wa miungu hii, zimewakana wazi wazi. Lakini waacheni binadamu, tuiulize nasaba ya miungu yenyewe. Mama yake Odin, Bestla, ni binti wa jitu. Mama yake Thor, Jörð, naye anahesabiwa katika majitu. Magni, mwana wa Thor mwenye nguvu kuliko wote, alizaliwa na Járnsaxa, mwanamke wa majitu, yaani wa kabila la maadui. Njörðr na watoto wake Freyr na Freyja ni Vanir, ukoo mwingine wa miungu, waliokuja Asgard, makao ya ukoo wa Odin, kama mateka wa amani baada ya vita kati ya koo mbili. Loki ni mwana wa jitu na aliapa undugu wa damu na Odin. Nitajieni mmoja mwenye damu ya upande mmoja.

Na Odin mwenyewe ni mgeni anayebisha hodi amevaa joho na kofia pana, jina si lake, akipima nani anampokea msafiri. Beti za hekima zinazosemwa ni zake zinaanza kwa mgeni mlangoni: amefika kutoka nje, magoti yamepigwa na baridi, anahitaji moto, chakula na nguo kavu. Vijana waliozunguka na jina lake mgongoni wakiwatisha watu waliofika kutoka nje wakiwa na baridi hiyo hiyo, siku akirudi watakuwa na la kujibu.

---

Post namba 26

La mwisho kwangu. Mmeuliza yupi kati yao ningemwogopa kwa ajili ya dini zetu. Si Odin. Odin anajulikana kwa udanganyifu hata kwa waliomwabudu, na Thor atawavutia vijana mwaka mmoja.

Ningemwangalia Baldr. Yeye ndiye aliyekuwa mwema, hana hatia, aliuawa kwa tawi la mimea ya ulimbo alilorusha ndugu yake kipofu Höðr kwa hila za Loki. Hermóðr alimpanda Sleipnir usiku tisa mpaka kuzimu kumwomba Hel, mtawala wa huko, amwachie, Hel akasema kila kitu kikimlilia atarudi. Vikalia vyote, watu, wanyama, mawe, miti na madini, isipokuwa mwanamke mmoja wa majitu pangoni. Akabaki huko. Halafu shairi la mama mwaguzi, lililopo kwenye hati ya ngozi ya karne ya 13 iliyorudishwa Iceland kutoka Denmark 1971, linasema kwamba baada ya Ragnarök, ardhi itakapoinuka tena baharini ikiwa mbichi na mashamba yakizaa bila kupandwa, Baldr atakuja.

Odin hana mahali alipoahidiwa kurudi. Thor vile vile. Watakaobaki hai ni wana wao, wawili wa kila mmoja. Aliyeahidiwa ni Baldr na aliyemuua, wanakaa pamoja wamepatana. Wasomi wanabishana hadi leo kama picha hiyo iliguswa na Ukristo au la. Lakini mwema, aliyekufa bila kosa, aliyekaa kuzimu, anarudi kwenye dunia mpya akiwa amemsamehe muuaji wake, hachinjiwi farasi wala hadai jicho la mtu: huyo hatafanana na Dajjal wa kwenye hadithi, wala hatafanana na pepo wa kwenye kiapo cha Wasaksoni. Wachungaji watakapokaa naye meza moja itabidi wamuulize swali ambalo Thor asingeulizwa, yaani wewe unamjua Yesu? Na masheikh watamuuliza kama anamjua Mola wake. Jibu lake ndilo ningelisubiri, kwa sababu yeye akisema "Odin ni baba yangu, lakini simwabudu", mjadala wote wa uzi huu unaanza upya.